Usiku wa kumuuguza mama

Jana shangazi alipiga simu ya video. Alipomwona mama tu, akaniuliza, "Mbona amekonda hivyo? Mnampa chakula lakini?" Nilimjibu kwa adabu kwamba anakula kidogo kidogo. Swali lenyewe limenikaa kooni hadi leo.

Mama ana saratani, na saratani ikishaenea hubadilisha namna mwili unavyokitumia chakula. Misuli huisha hata mgonjwa akijitahidi kula, na hamu hukatika yenyewe. Kumlazimisha mzee hakumrudishii kilo, mara nyingi huishia kutapika. Daktari alitueleza vizuri, ila ndugu walio mbali hawakuwepo, na wao wakiona mtu amekonda wanajua kuna anayezembea.

Anayedhaniwa kuzembea ni mimi. Karibu kila familia inayouguza mzee, yuko mmoja anayebaki naye, mara nyingi binti, na wengine huwa washauri. Siwachukii hata kidogo. Wanatuma pesa, wanaomba dua, najua wanalia. Lakini pesa haimgeuzi mama kitandani usiku ili mgongo usitoke vidonda.

Tangu aanze mofini ya maji, kila baada ya saa 4, maumivu yamepungua sana. Dawa hiyo hufunga choo, kwa hiyo lazima apewe na ya kulainisha. Kinachoniumiza ni kwamba bado anaficha. Juzi usiku niliamka nikamkuta amekunja shuka mkononi, amelibana hasa, macho kwenye dari. "Mama, kwa nini hukuniita?" Akasema, "Umechoka, mwanangu."

Cicely Saunders, daktari Mwingereza aliyefungua hospisi ya St Christopher's, nyumba ya kuwatunza wagonjwa wasiotarajiwa kupona, jijini London mwaka 1967, alifundisha kuwa maumivu ya mgonjwa si ya mwili peke yake. Hofu ya kuwa mzigo kwa wanao nayo ni maumivu, na hiyo mofini haiigusi. Mama akiniona sina usingizi, anaumia mara mbili.

Muuguzi wa tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na mateso, alipokuja, akishamaliza kumpima mama, alinigeukia: "Na wewe, unalala?" Nilishindwa kujibu, machozi yakatangulia.

Leo nimemwandikia kaka. Nimemwomba mwezi huu asitume kitu, aje alale hapa Ijumaa na Jumamosi, mimi nikalale kwingine. Nimemwekea saa za dawa zote na jinsi ya kumgeuza. Ni mama yake pia, na najua anaweza.