Saa sita ya Uyole

Leo mvua imetufukuza kazini. Mimi na kijana anayenishikia fimbo ya GPS tumejibanza chini ya bati la mama ntilie hapa Uyole, Mbeya, tunasubiri ndizi na maharage, na nimeshatoa simu. Ndiyo zangu kila Desemba: nachungulia anga la wenzetu.

Kamera iko Svalbard, visiwa vya Norway, kwenye kituo cha Kjell Henriksen karibu na mji wa Longyearbyen, nyuzi 78 kaskazini. Imelala chali, inameza anga lote kwa mpigo, kwa hiyo picha inakuja duara jeusi kama tako la sufuria. Mwezi huu jua halichomozi kabisa kule. Hata adhuhuri liko kama nyuzi 12 chini ya upeo wa macho, ndiyo maana wanaweza kuiona aurora ya mchana, ile mianga ya angani ya karibu na ncha za dunia, ambayo kwingine kwingi huzimwa na mwanga wa jua.

Kilichonikamata mimi ni saa. Kule wanasayansi wana adhuhuri ya pili, ya sumaku: ule wakati ambapo mahali pale, kwa ramani ya sumaku ya dunia, pamelielekea jua. Saa ya ukutani ya Longyearbyen inakuwa saa nne asubuhi, au karibu na hapo. Kwetu ni saa sita mchana. Hesabu hiyo niliipiga mara tatu nikidhani nimechapia.

Basi saa sita kasorobo utepe mwekundu umetokea upande wa kusini wa picha. Ukang'aa. Kisha ukaanza kujivuta kwenda kaskazini, kwenye ncha ya dunia, huku unafifia, na kabla haujaisha mwingine umeshawaka palepale ulipoanzia wa kwanza. Zinapishana dakika tano, wakati mwingine kumi. Nimekumbuka mawimbi ya Ziwa Nyasa pale Matema, ila haya yakishapanda hayarudi.

Upepo wa jua, yaani chembe zenye umeme zinazotiririka kutoka kwenye jua, unakuja na sumaku yake. Sumaku hiyo ikigeukia kusini, inakutana na ya dunia inayotazama kaskazini. Nyuzi za sumaku zinakatika na kuungana upya, hizi na zile. Mwanafizikia Mwingereza James Dungey alilieleza hilo mwaka 1961. Upepo unaziburuta nyuzi zilizoungana kupita juu ya ncha hadi upande wa usiku, na plazima ya ionosfia, hewa yenye umeme ya tabaka la juu, inaburutwa nazo, kilomita nzima kwa sekunde, hata zaidi. Muungano wenyewe mara nyingi huja kwa mishtuko, ndiyo maana tepe zinafuatana. Elektroni zinazoshuka hapo hazina nguvu nyingi, zinaishia juu ya kilomita 200, na oksijeni ya huko inatoa wekundu. Atomu ya oksijeni ina subira ya ajabu: inakaa karibu dakika mbili ndipo itoe mwanga. Chini zaidi, hewa ikiwa nzito, wenzake huigonga kabla haijawaka.

"Bosi, hiyo ni hali ya hewa?" kijana ameuliza.

"Ya juu sana."

"Inasema mvua inakata saa ngapi?"

Nimecheka, lakini swali lake si la kijinga. Na sisi tuna mikondo yetu huko juu. Mchana plazima inanyanyuliwa juu ya ikweta ya sumaku, inayopita Ethiopia, halafu inateremka pande mbili kama maji ya chemchemi; mrundikano wa kusini unaangukia karibu na latitudo zetu. Jua likizama, mapovu yenye plazima chache yanaweza kuzuka ndani ya plazima hiyo, na mawimbi ya setilaiti za GPS yakipita humo yanatetereka. Hata wekundu uleule wa oksijeni upo juu yetu usiku, ila jicho haliupati. Ni kazi ya kamera.

Machi 2024 nilikuwa na bikoni moja ya mwisho ya kupima, ile alama ya mpaka wa kiwanja, saa mbili kasoro usiku. Kifaa cha GPS kikawa kinashika, kinaachia, kinashika, kinaachia. Majirani wawili wenye ugomvi wa mpaka wamenimulika tochi. Mmoja, mzee, akasema, "Mpima, wewe umeshakula hela ya upande ule." Kesho yake saa moja asubuhi kuipima bikoni ile kulichukua sekunde chache, lakini maneno yalishasemwa na malipo ya mwisho sijayaona mpaka leo. Msimu ule, saa ile, jua limechachamaa kwa milipuko yake: nayashuku mapovu. Ningempa nini yule mzee kama ushahidi?

Mama ameleta sahani, akainamia simu.

"Mwanangu, huo moto?"

"Hapana mama, ni anga la Ulaya. Sasa hivi."

"Mchana huu, giza hivyo?"

"Mpaka Februari."

Ameuangalia utepe ukifika katikati na kupotea. Kisha akasogeza kachumbari upande wangu.

"Sasa wanajuaje kama huu ni ugali wa mchana?"