Uvimbe wa tezi ya mate ukirudi

Adenoma pleomofiki, uvimbe wa tezi za mate, si saratani, ila ina ujanja. Hupenda tezi ya mate iliyo mbele ya sikio. Ganda lake ni jembamba, na vijidole vya uvimbe hupenya nje yake. Ukichomolewa tu kama kokwa ya zambarau, vijidole hubaki. Ganda likipasuka, seli humwagika. Ndiyo maana huondolewa pamoja na nyama ya tezi inayouzunguka.

Haurudi kesho. Mara nyingi hupita miaka 7 hadi 10, kisha unapapasa kovu na kukuta vinundu vingi, kama punje za mtama chini ya ngozi. Hapo MRI kwanza (picha ya ndani ya mwili kwa sumaku), kisu baadaye: neva ya uso imezama kovuni, na ikikatwa, jicho halifumbi, mdomo unapinda.