Dakika za Kusimama Hewani

9 Juni

Tarehe hii hurudisha mawazo kwenye bonde la A Shau, Vietnam, mwaka 1968. Vita vilikuwa vikiendelea, na rubani mmoja wa Marine, kikosi cha wanamaji wa Marekani, alikuwa ameanguka huko, ameumia. Helikopta ya kwanza ilijaribu kumchukua, ikashindwa. Ikafuata Jolly Green 23 (Jolly Green lilikuwa jina la redio la helikopta za uokoaji), aina ya HH-3E, mbele akiwa Jack Rittichier, rubani wa Walinzi wa Pwani wa Marekani aliyekuwa akitumikia jeshi la anga. Mara ya kwanza alifukuzwa na risasi. Akarudi, akaisimamisha helikopta juu ya majeruhi, na hapo ndipo ilipopigwa ikashika moto. Wote wanne waliokuwamo walikufa.

Neno la kushika hapo ni "akaisimamisha". Helikopta inayokimbia humlazimu mpiga bunduki kukisia itakapokuwa. Iliyosimama haimsumbui hata kidogo.

Na kusimama hakukwepeki. Msitu ukiwa mrefu, kebo ya chuma ya winchi hushushwa makumi ya mita, ikiwa na chuma kizito kilichochongoka cha kupenya matawi, chenye viti vitatu vya kukunjua. Aliye chini akiache kwanza kiguse ardhi, maana mapanga ya helikopta huzalisha umeme tuli. Akikidaka hewani atapigwa shoti. Kisha akunjue kiti, apitishe mkanda kwapani, ndipo atoe ishara. Mwenye mkono uliovunjika hawezi hayo yote, kwa hiyo mwokoaji hulazimika kushuka, na muda wa kusimama unazidi kurefuka. Rubani haoni kilicho chini ya tumbo la ndege. Humtegemea mhandisi anayechungulia mlangoni: mbele kidogo, kushoto, hapo hapo. Kebo ikinasa mtini, kipo kitufe cha kuikata kwa baruti ndogo. (Sijui kama yuko aliyewahi kukizoea kitufe hicho.)

Joto nalo huongeza taabu. Hewa ya moto ni nyepesi, na kuelea mbali na ardhi hula nguvu nyingi, hata marubani wakamwaga mafuta ili kupunguza uzito. Injini zilikuwa mbili, lakini moja ikipigwa wakati huo, iliyobaki huenda isitoshe, na mwendo wa kujiokoa nao haupo.

Ndiyo maana marubani wa A-1 Skyraider, ndege za mashambulizi za panga, waliojiita Sandy, walitangulia. Walipita chini, polepole, wakiwachokoza wenye bunduki wajifichue. Wenye bunduki wakajifunza kunyamaza mpaka helikopta isimame. Ukimya wa bonde ukawa ushahidi mbovu kabisa. Hata sauti ya redio haikuaminiwa: aliyeanguka aliulizwa maswali ya maisha yake aliyoyaandikisha kabla ya kuruka, asije akawa adui mwenye redio ya mateka.

Aprili 1972, karibu na Cam Lo, Iceal Hambleton, mwongoza njia wa ndege ya jeshi la anga la Marekani aliyeanguka tarehe 2, alisubiriwa na bunduki nyingi mno. Tarehe 6 Jolly Green 67, HH-53C, iliingia kumchukua ikaangushwa, sita wakafa. Baada ya hapo helikopta hazikutumwa tena kumfuata. Thomas Norris, komando wa jeshi la majini la Marekani, na Nguyen Van Kiet, komando wa Vietnam Kusini, walimfikia usiku kwa mtumbwi, wakamlaza chini na kumfunika majani, wakateremka na mto.