Watoto wa Hemani

Neno: 1 Nyakati 25:5-6

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Sura hii wengi huiruka, maana ni majina matupu. Daudi anapanga waimbaji wa nyumba ya Bwana, na mmoja wa wakuu wao ni Hemani. Mungu alimpa wana 14 na binti 3, wote wakawa chini ya mikono ya baba yao kwa kuimba, kwa matoazi, vinanda na vinubi. Wana wametajwa majina, binti hawakutajwa (ningependa sana kuyajua), ila nao wamehesabiwa.

Sasa fungua 1 Nyakati 6:33. Hemani ni mwana wa Yoeli, mwana wa Samweli. Na huyu Yoeli tunamjua. Baba yake alimweka kuwa mwamuzi huko Beer-sheba pamoja na ndugu yake Abiya, wakala rushwa na kupotosha hukumu, mpaka wazee wa Israeli wakamwendea Samweli kumwambia kwamba wanawe hawafuati njia zake, wakadai mfalme. Nabii aliaibishwa na watoto wake mbele ya taifa.

Lakini mama yake Samweli ni Hana, aliyempeleka mtoto Shilo kisha akatamka, "Moyo wangu wamshangilia Bwana." Kutoka kwa Hana hadi Hemani, katikati yupo Yoeli. Maandiko hayasemi nani alimfundisha Hemani kuimba. Aliyewaongoza watoto wake tunaambiwa: ni yeye mwenyewe.

Siku hizi kazi hiyo tumemwachia mwalimu wa kwaya. Nyumbani spika inapiga nyimbo za injili kutwa, na hakuna anayefungua kinywa. Si dhambi kusikiliza. Ila mtoto anayemsikia baba yake aking'ang'ana na sauti ya nne kwenye sala ya jioni, hata kama anaipotosha, anajua kuwa wimbo ule ni wa kwao.

Na wewe mama unayemlilia kijana aliyeiacha imani, usinyamaze. Imba unapopika, imba unapofua. Huenda Yoeli wako hasikii, lakini wajukuu wapo hapo hapo wanacheza, na wanashika maneno upesi kuliko tunavyodhani.

Jioni mojawapo ya wiki hii someni pamoja 1 Samweli 2:1-10, kila mmoja mstari wake. Kisha mdogo kuliko wote aanzishe pambio analolitaka, hata kama ni lile lile la jana.