Kituo cha 7 na ile 1.06

Mwezi wa tatu mwenyekiti wetu alinipigia simu saa 1 asubuhi, chai bado iko jikoni. Hakusalimia sana. "Mama, hivi kwa nini watu wa kituo cha 7 wanalalamika kila mwezi kwamba maziwa yao yanapungua? Wanasema wakipima nyumbani wanapata zaidi."

Ushirika wetu (sitautaja jina) unakusanya maziwa kwa akina mama wanaofuga ng'ombe mmoja au wawili bandani, katikati ya migomba, huku juu ya Moshi. Kituoni maziwa yanapimwa kwenye mzani, kwa kilo. Programu inazigeuza kilo kuwa lita, na mwisho wa mwezi inatoa hesabu ya malipo. Lita moja ya maziwa ya ng'ombe ina uzito wa kilo 1.03 hivi, kwa hiyo unagawanya kilo kwa 1.03. Mtoto wa darasa la sita anaiweza hiyo.

Nikafungua msimbo wa malipo. (Vijana wangu wanasema "kodi". Mimi nimekataa, maana nikimwambia mhasibu kodi ina tatizo anashika kifua.) Mstari wa 212: kama kituo ni 7, gawanya kwa 1.06. Vituo vingine vyote 1.03. Hakuna maelezo, hakuna tarehe, hakuna chochote. Kwa kila kilo 100, kituo cha 7 kinaandikiwa lita 94.3 wakati wenzao wanaandikiwa 97.1.

Nikaiuliza Subversion, programu inayotunza historia ya kila badiliko la msimbo wetu, nani aliuandika mstari huo. Jibu: rivisheni (badiliko lililohifadhiwa) namba 1, mwaka 2008, mtumiaji "mzee", ujumbe "Naanza upya." Basi. Mstari ulikuwa umeshazaliwa kabla ya historia yenyewe kuanza.

Sasa, kuhama kutoka Subversion kwenda Git, programu nyingine ya kazi hiyohiyo, nilikuwa nimeshakupanga tangu mwaka jana, na nilikuwa nakuahirisha kama mtu anayeahirisha kung'oa jino. Seva yetu ni kompyuta ya mezani iliyoko chini ya meza ya keshia, feni yake inaunguruma kama mashine ya kusaga. Umeme ukikatika mjini, hakuna anayeweza kuhifadhi kazi hata kama laptopu yake ina chaji, kwa sababu Subversion inataka uongee na seva moja. Kwa Git kila mtu anabeba historia nzima kwenye mashine yake. Na vijana wawili niliowapata hawajawahi kugusa kitu kingine zaidi ya Git. Mmoja aliniuliza Subversion ni ya mwaka gani. Toleo 1.0 lilitoka Februari 2004, Git ikaanza Aprili 2005, nikamwambia hazijapishana hata miaka miwili. Akanitazama kama mtu anayesikia kwamba bibi yake aliwahi kucheza disko.

Kuhama kwenyewe si amri moja. Nilianza kwa kunakili ripo nzima (hifadhi ya msimbo na historia yake) kutoka seva hadi laptopu yangu, kisha nikaielekeza `git svn`, zana ya kuhamishia, kwenye nakala hiyo, maana kuvuta rivisheni 3,412 moja moja kupitia mtandao wa ofisi ningemaliza Krismasi. Umeme ulikatika mara mbili, betri ikaisha, lakini `git svn fetch` inaendelea ilipoachia, hilo naisifu.

Kisha majina. Subversion inatunza jina la mtumiaji tu; Git inataka jina kamili na barua pepe. Kwa hiyo unaandaa faili la kuoanisha: huyu ni fulani, yule ni fulani. Kwetu watumiaji walikuwa wanne: "mzee", "dada" (mimi, miaka hiyo), "admin" na "pc3". Sasa pc3 ni nani? Pc3 ni kompyuta ya tatu pale dirishani. Yeyote aliyekaa hapo aliandika kwa jina hilo. Nilipoangalia tarehe nikaona komiti za pc3 (ndiyo rivisheni kwa lugha ya Git) zinajaa Julai hadi Septemba kila mwaka, halafu kimya. Wanafunzi wa field! Nilipiga simu kwa watu watano, wawili wakakumbuka, mmoja akakana kabisa kwamba aliwahi kuandika ule upuuzi wa risiti. Mwishowe pc3 nimemwandika "Wanafunzi wa field" na nimelala usingizi.

Zile alama za `git-svn-id`, zenye namba ya rivisheni ya zamani, ambazo zana inabandika chini ya kila ujumbe, wengi wanashauri uziondoe, zinachafua. Mimi nimeziacha. Mhasibu ana kaunta buku ambalo tangu 2009 anaandika "tatizo la makato, angalia r1874". Git haina namba za mfululizo, ina msururu wa herufi na tarakimu 40. Ningezifuta zile alama, kaunta buku lingekuwa bubu.

Jaribio la kwanza programu ikagoma kutoa risiti. Nusu siku nzima nahangaika. Kumbe Git haihifadhi folda tupu, na folda ya `risiti` kwetu ilikuwa tupu kwa makusudi, ikisubiri programu iweke mafaili humo. Subversion ilikuwa inaitunza. Kuna swichi (neno la kuongeza kwenye amri) ya kuokoa folda tupu. Sikuijua, nikarudia kazi yote.

Hayo yote yakaisha na bado 1.06 ilikuwa inanitazama. Nikapanda Hiace ya Marangu, kwenda kwa yule "mzee" wa rivisheni namba 1.

Mzee alistaafu zamani, anafuga ng'ombe watatu na kusoma magazeti ya wiki iliyopita. "Shikamoo Mzee." "Marahaba binti yangu, umepotea." Tukala mtori kwanza, kwake huwezi kuanza na kazi. Kisha nikamfungulia laptopu, nikamwonyesha historia yake mpya. Akasoma komiti ya kwanza, ya pili, akasimama kwenye ya tatu.

"Hii si mimi. Imeandikwa saa 12 na dakika 14 jioni. Saa 12 jioni mimi nakamua. Kompyuta nashika saa 3, wakishalala."

Nikacheka, nikajua kosa liko wapi. Subversion inatunza saa kwa UTC, saa ya kimataifa, ambayo iko nyuma yetu saa tatu, na mimi nilikuwa nimehamisha bila kuiambia Git kwamba tuko Moshi. Saa 3 na dakika 14 usiku ikageuka saa 12 na dakika 14 jioni. Swichi nyingine, kurudia tena. Lakini nilifurahi kwamba ng'ombe ndio walioligundua.

Nikamuuliza kuhusu "Naanza upya". Akakuna kichwa. Kabla ya 2008 alikuwa anatumia CVS, programu ya zamani zaidi ya kutunza historia, tangu 2003. Alipohamia Subversion hakuwa na muda wa kuhamisha ya zamani, akachukua mafaili yalivyo, akayatupia humo. Na ya zamani? Akaingia chumbani, akatoka na kopo la biskuti lenye vyeti vya ubatizo, risiti za simenti, na CD moja iliyoandikwa kwa kalamu ya wino: CVS YOTE 2003–08.

Laptopu yangu haina pa kuingizia CD. Ya vijana haina. Nilizunguka mjini nikaipata stesheneri moja karibu na stendi yenye kompyuta ambayo mwenyewe anaitumia kuchapa kadi za harusi. CD ilikuwa na mikwaruzo, ikasoma, ikasita, ikasoma. Shilingi elfu mbili. Ningelipa laki.

CVS ni mnyama mwingine. Subversion na Git, ukihifadhi mabadiliko ya mafaili sita, yanaingia kama tukio moja: ama yote ama hakuna. CVS kila faili lina kitabu chake na namba zake, na mafaili sita yanaingia moja baada ya jingine. Zana ya `cvs2git`, inayohamisha CVS kwenda Git, inabidi ikisie: mwandishi yuleyule, ujumbe uleule, dakika zilezile, basi hii itakuwa komiti moja. Na zana yenyewe inataka lugha ya programu ya Python 2, iliyostaafishwa Januari 2020, nikaijengea chumba chake pembeni. Kisha ikakwama kwenye ujumbe mmoja ikisema haielewi herufi. Neno lenyewe lilikuwa "ng'ombe". Mzee alikuwa akiandika ujumbe kwenye Word kisha ananakili, na Word ilikuwa inaikunja ile alama ya ng' iwe ya mapambo. Nikaiambia zana isome kwa mtindo wa Windows wa zamani, ikapita.

Kuunganisha vipande viwili ni sehemu niliyoiogopa nikakuta ndiyo nyepesi. Kwa `git replace --graft` nikaiambia komiti ya "Naanza upya" kwamba mzazi wake ni ile ya mwisho ya CVS, nikahakikisha mafaili ya pande zote mbili yanafanana, kisha `git filter-repo` ikaufanya undugu huo uwe wa kudumu. Watu wa GCC, mradi mkubwa wa programu huria, walihamisha rivisheni zaidi ya 250,000 Januari 2020, na wao pia walipitia CVS kisha Subversion. Nilijipa moyo kwa hilo.

Nikauliza upya: nani aliandika mstari wa 212? Novemba 2005, mzee. "Mzani wa kituo cha 7 unazidisha. Maziwa kilo 100 unaonyesha 103. Naweka 1.06 mpaka fundi aje."

Hesabu yake ilikuwa sahihi: 103 ukigawanya kwa 1.06 unapata 97.2. Nikasogea mbele. Januari 2006, faili la `maelezo.txt` peke yake: "Mzani mpya kituo cha 7 umefika, nimerudisha 1.03."

Alirudisha wapi? `malipo.php`, yenye mstari wa 212, haikuguswa siku hiyo, wala mwezi huo, wala miaka iliyofuata.

Nikarudi Marangu Jumapili. Nilimsomea ujumbe wote miwili, akanyamaza muda mrefu. Anakumbuka alikuwa akituma kutoka nyumbani kwa modemu, na msimu ule wa radi laini ilikuwa inakatika katikati ya kutuma. Anadhani `maelezo.txt` lilifika na `malipo.php` halikufika. Wiki ileile kompyuta yake iliungua, akachukua mafaili upya kutoka seva ya ofisini, na 1.06 ikarudi nayo.

Hakusema pole. Aliinuka, akaenda kwenye mpaka wa kihamba, shamba lake la nyumbani, ambako amepanda masale, akakata jani moja. Kwa asiyejua mila za Wachaga: aliyekosa akikutumia jani la sale anaomba msamaha, na kulikataa ni jambo zito. Akanipa. "Wapelekee kituo cha 7. Waambie nitakuja mwenyewe, goti likipona."

Mstari wa 212 nimeufuta Jumatatu, na ujumbe wa komiti hiyo una urefu wa ukurasa. Mwenyekiti hajauliza habari za Git hata mara moja. Ameuliza ni lita ngapi. Kilo za 2008 na kuendelea ziko kwenye hifadhidata, hizo nimeshazijumlisha. Za 2006 na 2007 ziko kwenye madaftari ya stoo, mchwa wamekula upande wa majina, ila safu ya kilo inasomeka. Naingia nayo Jumamosi. Jani liko kwenye glasi ya maji juu ya kabati la mhasibu, mpaka siku ya mkutano wa kituo.