109 na 110, Njia ya Makete

Aprili 1999, masika yakiwa yamekolea, mjomba alinikabidhi ufunguo wa Land Rover yake kuukuu, 109 Series III ya petroli. "Leo unaendesha wewe," akasema. Tulikuwa tunatoka Njombe kwenda Makete kuchukua viazi vya mbegu, na siku hizo barabara ile ilikuwa udongo mtupu. Nyuma yetu alifuata mzee rafiki yake na Land Rover Defender 110 yenye injini ya dizeli ya 300Tdi aliyoinunua majuzi tu. Tulikubaliana kwamba wakati wa kurudi nitashika hiyo.

Usukani wa 109 ulikuwa mzito, tena ukicheza. Unakata kona, gari linageuka baadaye. Springi zake ni vyuma vilivyolazwa kimoja juu ya kingine, mbele na nyuma. Penye migongo midogo kama ya bati, mkia ulirukaruka ukitaka kutangulia pua. Mwendo wa 40 ndio ulioifaa. Tulipovuka kijito breki za dramu zikalowa. Nilikanyaga, gari likaenda tu. Moyo ulinipasuka.

"Kanyaga kidogo kidogo huku unakwenda, zikauke," mjomba akasema, wala hakupandisha sauti.

Chini ya mlima wa udongo mwekundu nilisimama. Nikavuta nyuma kile kirungu chekundu: gia za nguvu zikaingia, na magurudumu yote manne yakashika pamoja. Nikaweka gia ya pili, nikaacha injini ifanye kazi yake. Sikugusa klachi wala kuongeza mafuta. Matope yaligonga chini ya mabati ya aluminiamu, lakini tulipanda bila kusita hata mara moja.

Kufika juu nikageuka kutazama nyuma. 110 ilikuwa imekwama katikati ya mlima, gurudumu la mbele upande wa mtaro likizunguka bure.

Gari lile husukuma magurudumu yote manne wakati wote, ila katikati lina difu inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma. Gurudumu moja likikosa pa kushika, nguvu zote hukimbilia huko. Mzee alikuwa hajaifunga difu ili mbele na nyuma zizunguke pamoja. Mjomba akashuka, akasukuma kile kirungu kifupi kushoto, taa ikawaka kwenye dashibodi, na 110 ikapanda kama ngazi. Nilisimama kwenye mvua nikitazama, na hapo ndipo nilipoelewa difu ni nini. Hakuna aliyewahi kunieleza nikaelewa.

Kurudi nilikuwa mimi ndani ya 110, imejaa viazi. Ina springi za koili, breki za diski, usukani wa pawa, gia tano, na injini ya dizeli yenye tabo, nguvu farasi 111. Migongo ile ile niliipita kwa 70 bila mkia kuhama. Kwenye kona gari liliinama kidogo, kisha likakaa. Kijito nacho nilikivuka, na nilipokanyaga breki kuzijaribu zilishika pale pale.

Njombe mjomba aliniuliza, "Enhe?"

Nilimwambia ukweli: kwa kona, kwa breki, kwa nguvu, 110 ni gari bora. Mpaka leo nasema hivyo hivyo.

"Ni kweli," akajibu, akainama kuchungulia chini ya 109, ambako matope yalikuwa bado yakidondoka kwenye springi.