Jinsi Tulivyopanga Ardhi ya Kijiji cha Pwani bila Kuwafungia Watu Bahari

Nilikuwa katibu wa kamati iliyoandaa mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji chetu, wilayani Kilwa, na ushauri wa kwanza tuliopewa ulikuwa kwamba tuchague moja: hoteli au mikoko. Ushauri huo unaniudhi hadi leo. Kijiji kinahitaji ajira za vijana wake, na kinahitaji vilevile mazalia ya kamba na samaki yaliyomo katikati ya mizizi ya mikoko. Isitoshe, misitu hiyo ni hifadhi ya serikali, wala halmashauri ya kijiji haina mamlaka ya kumgawia mtu.

Mtaalamu mmoja alituletea ramani iliyokwisha kuchorwa, yenye ukanda wa kijani uliofuata pwani nzima, na nyuma yake kiwanja cha mwekezaji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, na mita hizo zilionekana kwenye ramani. Lakini zilianza kuhesabiwa wapi? Picha ya satelaiti aliyoitumia ilipigwa maji yakiwa yametoka, na pwani yetu ni tambarare, kwa hiyo maji yakitoka huenda mbali sana.

Kubishana ofisini hakukusaidia. Tukangoja bamvu, yaani kujaa kukubwa kwa bahari, la mwezi mpevu wa Machi, kwa kuwa bamvu za Machi na Septemba ndizo hujaa kuliko za miezi mingine. Maji yalipofika ukomo, vijana wakachomeka vigingi vya mianzi kwenye mstari wa povu na takataka za bahari, huku wazee wakiwaelekeza pale ambapo vichaka viliwazuia kuona. Kesho yake tukawaita mtaalamu na mwakilishi wa mwekezaji, tukanyoosha futikamba kuelekea bara. Mita 60 ziliishia ndani kabisa ya kiwanja, mahali palipokusudiwa kujengwa ukumbi wa kulia. Mzee mmoja mvuvi alimwambia mtaalamu kwa upole, "Mwanangu, hapo uliposimama ndipo nilipofunga ngalawa yangu mwaka jana." Aliyekubali kwanza kusogeza mpaka alikuwa mwakilishi wa mwekezaji, kwani hakuna mwenye fedha anayetaka jengo lake liliwe na mawimbi.

Jambo jingine lililotushughulisha ni njia za kushukia pwani. Kiwanja kilizifunga njia ambazo kina mama hupita na mwani wao na wavuvi hupita kwenda dikoni. Tulipodai zirudishwe, tuliahidiwa kichochoro cha mita 2. Tukabeba ngalawa pamoja na matengo yake, yaani mbao za ubavuni zinazoizuia isipinduke, hadi pale, tukajaribu kuipitisha kati ya vigingi, ikakwama mbele ya wote. Nawasihi wanakamati wenzangu wa vijiji vingine wapime njia kwa kitu kinachopita humo.

Uwanda mweupe wa chumvi ulio nyuma ya mikoko tuliuacha bila mgawo, ingawa wapo waliotaka kuchimba mabwawa ya chumvi, kwa sababu bahari ikipanda, mikoko hurudi nyuma na lazima iwe na pa kurudi. Mipaka na vijiji jirani, mashamba ya mikorosho na ardhi ya akiba havikutupa taabu. Gharama zetu zilikuwa laki kadhaa za mafuta, chakula na posho.

Mpango hauna nguvu mpaka mkutano mkuu wa kijiji uupitishe, na huko hatukusoma rangi za ramani. Tulitaja kila eneo kwa jina linalotumiwa na wenyeji, ndipo watu wakaanza kusahihisha na hatimaye wakapitisha. Mwekezaji sasa anajenga nyuma ya vigingi, nasi tunaandaa hati za hakimiliki za kimila, tukianzia mashamba ya minazi yanayopakana na kiwanja chake, kwa kuwa hapo ndipo migogoro huzuka kwanza.